Kuhama au kubaki? Hosti ya bei nafuu kwa wenye tovuti wa Dodoma na Kanda ya Kati

Ankara ya kuhuisha hosti, yaani nafasi unayokodi ili tovuti yako ikae mtandaoni, haijui msimu. Mwenye lodge wa Area D huipata Bunge la Bajeti likiwa limekwisha na vyumba viko wazi. Mwenye shule binafsi wa Kikuyu huipata ada za muhula zikiwa bado mifukoni mwa wazazi. Bei imepanda kuliko ya mwaka jana, na kwenye simu kuna tangazo la kampuni nyingine linalotaja robo ya kiasi hicho. Hapo mtu huanza kujiuliza kama ahame.

Mfanyabiashara wa huku kwetu kwa kawaida ana njia tatu. Anaweza kubaki alipo, akashusha kifurushi au akaomba punguzo. Anaweza kuhamia kampuni ya Kitanzania yenye bei ya chini. Au anaweza kwenda kwa kampuni kubwa ya nje, zile zinazotangaza bei ya dola chache kwa mwezi. Ofisi za serikali siziingizi humu: wao wana vikoa (majina ya anwani za mtandaoni) vya .go.tz na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na uamuzi wao hauanzii kwenye bei.

Msimamo wangu niuseme mapema. Tovuti yenyewe ni mzigo mwepesi. Mafaili na databesi vya biashara ndogo huhama ndani ya saa chache. Barua pepe na jina la kikoa ndivyo vinavyoumiza, na karibu kila ulinganisho wa bei huviacha nje. Kwa hiyo humu nimevipa nafasi kubwa kuliko inavyozoeleka.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni bei ya miaka mitatu. Tangazo hutaja bei ya mwezi, kisha kwa herufi ndogo linaeleza kuwa hiyo ni ya awamu ya kwanza tu, tena kwa anayelipia miezi 36 au 48 kwa mkupuo. Bei utakayoishi nayo ni ile ya kuhuisha, na mara nyingi imefichwa kwenye ukurasa wa masharti. Tuchukue hesabu ya kubuni. Sasa unalipa Sh 180,000 kwa mwaka. Kampuni mpya inakupa mwaka wa kwanza kwa Sh 60,000, na kuhuisha ni Sh 165,000. Ukibaki, miaka mitatu itakugharimu Sh 540,000. Ukihama, Sh 390,000. Umeokoa Sh 150,000. Mlipe fundi wa kuhamisha Sh 100,000, zinabaki Sh 50,000, ambazo ni chini ya Sh 17,000 kwa mwaka. Na bado hujagusa kikoa kinachotolewa bure mwaka wa kwanza na kulipiwa baadaye, wala barua pepe kama kampuni mpya inaiuza kando. Rudia hesabu hiyo kwa tarakimu zako mwenyewe. Wapo watakaokuta faida ni kubwa kweli, hasa waliouziwa kifurushi cha duka la mtandaoni ilhali tovuti yao ina kurasa sita na namba ya simu.

Cha pili ni kasi, lakini kasi kwa nani? Mzazi wa Nkuhungu anayefungua tovuti ya shule kwa bando la siku na mtalii wa Ujerumani anayesoma kuhusu michoro ya miamba ya Kolo, Kondoa, hawahitaji seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) mahali pamoja.

Cha tatu ni msaada: nani anapokea simu tovuti ikizimika saa tatu usiku, na ana uwezo wa kufanya nini zaidi ya kukwambia wanalishughulikia. Hapa usibabaishwe na asilimia. Ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.9 inaruhusu kuzimika saa nane na dakika 46 hivi kwa mwaka. Asilimia 99 inaruhusu zaidi ya siku tatu na nusu. Na fidia, ikitolewa, huwa ni punguzo kwenye ankara ijayo. Mgeni aliyeshindwa kuweka nafasi ya chumba halipwi na mtu.

Kisha barua pepe: zinakaa wapi, na zinafika au zinaishia kwenye taka. Kisha nakala rudufu. Kisha malipo, risiti na sheria. Cha mwisho ni njia ya kutoka, maana anayekukaribisha leo kwa tabasamu ndiye utakayemwomba mafaili yako siku ukitaka kuondoka.

Njia ya kwanza: kubaki ulipo

*Bei.* Kabla ya kulipa ankara, ingia kwenye cPanel au paneli yoyote ya kusimamia hosti uliyopewa, uangalie nafasi unayotumia. Tovuti ya kawaida ya lodge au shule, yenye kurasa chache na picha, haina sababu ya kujaza GB 20. Ukikuta imejaa, aghalabu ni barua pepe za zamani au bekapu zilizorundikana bila mtu kuzifuta. Mwenye matumizi madogo ana haki ya kuomba kifurushi kidogo, na kampuni nyingi hukubali kuliko kumpoteza mteja. Mwambie wazi: nimeona bei fulani kwingine, wewe unaweza kunifanyia nini? Pia fahamu kwa nini bei hupanda. Mwaka 2019 kampuni ya cPanel ilibadili utaratibu wa leseni, ikaanza kutoza kwa idadi ya akaunti zilizo kwenye seva, na leseni hizo hulipiwa kwa dola. Shilingi ikiyumba, mtoa huduma wa hapa anaubeba mzigo huo au anakutupia wewe.

*Kasi.* Haitabadilika kwa kubaki, lakini huenda seva haina kosa. Nimefungua tovuti nyingi za lodge za mjini hapa, na picha ya ukurasa wa mbele imepandishwa moja kwa moja kutoka kwenye simu, MB nne kwa picha moja. Picha kumi za namna hiyo ni MB 40, na hakuna seva duniani itakayozifanya nyepesi kwa mtu mwenye bando la MB 200. Zipunguze zifike chini ya KB 200 kila moja. Halafu angalia toleo la PHP, lugha ya programu inayoendesha tovuti nyingi. Toleo la 7.4 liliachwa kufanyiwa marekebisho ya usalama tangu Novemba 2022, ila bado lipo kwenye akaunti nyingi kwa sababu hakuna aliyeligusa. Kupanda kwenda matoleo ya 8 huongeza kasi na usalama bila kuhama na bila gharama. Chukua bekapu kwanza, maana plagini (programu za nyongeza za tovuti) za zamani zinaweza kugoma.

*Msaada.* Wanakufahamu. Kama wamekuwa wakijibu, hilo lina thamani yake. Kama hujawahi kuwahitaji, basi hujui chochote kuhusu msaada wao, hata baada ya miaka mitano.

*Barua pepe.* Hakuna kinachohama, na hii ndiyo faida kubwa ya kubaki. Wafanyakazi wanane hawabadilishi mipangilio kwenye simu zao, wala mhasibu hapotezi barua za mwaka juzi.

*Nakala rudufu.* Usiulize kama wanachukua. Omba wakuonyeshe tarehe ya nakala ya mwisho, kisha uishushe kwenye kompyuta yako.

*Malipo, risiti na sheria.* Umeshazoea utaratibu. Kama mtoa huduma wako ni wa hapa nchini na bado anakutumia ankara ya dola, mkumbushe kwamba tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei na kutoza kwa fedha za kigeni kwa huduma zinazouzwa ndani ya nchi.

*Njia ya kutoka.* Hapa ndipo kubaki kunapoweza kuwa mtego. Kama huna nywila ya paneli na kikoa kimesajiliwa kwa barua pepe ya fundi, huko kubaki hukukuchagua.

Njia hii inamfaa mwenye barua pepe nyingi za kazi, asiye na fundi wa karibu, ambaye hesabu ya miaka mitatu inampa akiba ndogo.

Njia ya pili: kampuni ya ndani yenye bei ya chini

*Bei.* Ni ya shilingi, kwa hiyo haipandi wala kushuka na dola kila unapolipa. Uliza mambo mawili kabla ya kufurahi: je, VAT imo, na je, mwaka wa pili bei ni hiyohiyo? Kampuni ndogo nyingi hazina mchezo wa bei ya awamu ya kwanza, lakini zipo zilizouiga.

*Kasi.* Watu wengi hudhani kampuni ya Kitanzania maana yake seva ipo Tanzania. Mara nyingi haipo. Kampuni nyingi za bei ya chini hununua nafasi kwenye seva za Ulaya au Marekani na kuiuza kwa rejareja. Hilo si kosa, ila ujue unanunua nini. Uliza seva iko mji gani, kisha hakikisha mwenyewe kwa kuitafuta anwani ya IP (namba ya seva mtandaoni) ya tovuti yoyote iliyohostiwa kwao.

Seva ikiwa kweli ipo Dar es Salaam, msomaji wa Dodoma anaifikia kwa mkongo wa taifa na kwa kituo cha kubadilishana data cha TIX, kilichoanza kazi 2004, bila kuvuka bahari. Faida yake huonekana siku ya shida. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya ukanda huu wote ikawa ya kuvuta. Siku kama hiyo, tovuti iliyo ndani ya nchi ina nafasi nzuri ya kufunguka kwa wasomaji wa hapa, mradi kurasa zake hazisubiri fonti, ramani na video kutoka nje.

*Msaada.* Ni kwa Kiswahili, kwa simu au WhatsApp, na unaweza kumweleza mtu tatizo bila kutafuta maneno. Ubaya wake ni kwamba kampuni nyingine nzima ni mtu mmoja mwenye kompyuta mpakato. Akisafiri, msaada umesafiri. Jaribio rahisi: kabla ya kulipa, tuma swali la kiufundi Jumamosi jioni. Uliza kwa mfano kama wanaruhusu kurejesha bekapu kamili ya cPanel na inachukua muda gani. Jibu na saa lililofika vitakueleza mengi kuliko ukurasa wao wa mbele.

*Barua pepe.* Seva ya bei ya chini hubeba wateja wengi kwenye anwani moja ya IP. Mmoja akidukuliwa na kuanza kutuma barua taka, anwani nzima huingia kwenye orodha nyeusi, na nukuu ya bei uliyomtumia mteja wa Singida inaishia kwenye taka zake. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua kwenda kwao, kwa hiyo rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, ni muhimu sana siku hizi. Muulize mtoa huduma kama anaziweka yeye au anakuachia. Asiyeelewa swali hilo usimkabidhi barua pepe za biashara.

*Nakala rudufu.* Hutofautiana sana. Wapo wanaochukua kila siku na kukuruhusu urejeshe mwenyewe. Wapo ambao bekapu yao iko kwenye seva ileile. Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na miongoni mwa wateja wa kampuni hiyo kubwa walikuwapo waliopoteza tovuti na bekapu kwa pamoja kwa sababu vyote vilikuwa eneo moja. Weka nakala yako kwingine.

*Malipo, risiti na sheria.* M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa, benki. Unalipa ukiwa umekaa sokoni Majengo. Unaweza kudai risiti ya EFD, jambo ambalo mhasibu wako atalishukuru wakati wa hesabu za TRA. Na kwa wanaokusanya taarifa za watu, kama zahanati, SACCOS au shule yenye fomu za kujiunga, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Seva iliyo ndani hukupunguzia maswali. Angalia tu lile nililosema juu: kampuni kuwa ya Kitanzania hakuthibitishi kwamba data imebaki Tanzania.

*Njia ya kutoka.* Wengi hutumia cPanel, kwa hiyo bekapu kamili hushushwa na kupandishwa kwingine kwa urahisi. Kama kampuni hiyo pia ni msajili wa vikoa vya .tz, hakikisha jina la mmiliki, barua pepe na simu kwenye usajili ni vyako.

Inamfaa anayewalenga wateja wa ndani, anayelipa kwa simu, na anayependa kuongea na mtu. Haimfai anayehitaji msaada saa zote bila kukosa.

Njia ya tatu: kampuni kubwa ya nje

*Bei.* Awamu ya kwanza ni rahisi kuliko zote, na kuhuisha hupanda kuliko zote. Ukiwa na fedha za kulipia miaka mitatu au minne kwa mkupuo, hesabu inaweza kukupendelea kabisa. Ukilipa mwaka mmoja mmoja, faida huyeyuka mapema. Ongeza kiwango cha kubadilishia fedha cha benki yako, ambacho si kile unachokiona kwenye Google, na VAT: tangu Sheria ya Fedha ya 2022, watoa huduma za kielektroniki wa nje wanaouza kwa wateja wa Tanzania wanatakiwa kujisajili na kuitoza. Neno “bila kikomo” nalo lina kikomo. Soma masharti utakuta idadi ya mafaili na matumizi ya prosesa yamewekewa ukomo.

*Kasi.* Mitambo ni mizuri na mara nyingi huwa na kache ya kisasa, inayohifadhi kurasa zikiwa tayari kufunguka. Unapojisajili utaulizwa seva iwe wapi, na wengi hupita bila kuchagua, wakaangukia Marekani. Kwa msomaji wa Tanzania chagua Afrika Kusini kama ipo, la sivyo Ulaya. Kifurushi cha bure cha Cloudflare, kampuni yenye seva sehemu nyingi duniani, husaidia kuleta picha karibu na msomaji, na hiki unaweza kukitumia hata ukibaki ulipo. Kwa mwongoza watalii wa Kondoa ambaye wateja wake wako Munich na Paris, seva ya Ulaya ni bora kuliko ya Dar es Salaam, na sioni haja ya kuona haya kulisema.

*Msaada.* Gumzo la maandishi saa 24, kwa Kiingereza, na hujibu haraka. Watashughulikia seva yao. Plagini yako ikiharibika watakupa kiungo cha makala na kukutakia siku njema.

*Barua pepe.* Soma kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Baadhi yao hutoa sanduku la barua bure kwa mwaka wa kwanza kisha huanza kulitoza kwa kila mfanyakazi. Wengine huweka ukomo wa barua kwa saa. Wafanyakazi wanane wakitozwa dola moja kila mmoja kwa mwezi, hiyo ni dola 96 kwa mwaka, na huenda ikazidi bei ya hosti yenyewe.

*Nakala rudufu.* Kifurushi cha chini mara nyingi hupewa ya kila wiki. Ya kila siku huuzwa kama nyongeza.

*Malipo, risiti na sheria.* Unahitaji kadi. Kadi ya Visa ya M-Pesa inatosha kwa wengi. Malipo hujirudia yenyewe, na hapo huzaliwa matatizo ya aina mbili: kukatwa bei mpya bila kutarajia, au kadi kukosa salio na tovuti kufungwa wewe ukiwa safarini Kibaigwa. Risiti ya EFD usiitegemee. Kuhusu taarifa binafsi, sheria haikukatazi moja kwa moja kutumia seva ya nje, lakini masharti ya kusafirisha data yatakuhusu, na mwenye kumbukumbu za wagonjwa azungumze kwanza na mwanasheria.

*Njia ya kutoka.* Baadhi ya kampuni hizi zimeachana na cPanel na kutumia paneli zao wenyewe. Kuingia wanakusaidia bure. Kutoka utabeba mafaili na databesi kwa mkono. Kikoa cha .co.tz wengi wao hawakiuzi, kwa hiyo kitabaki kwa msajili wa hapa, na hilo ni jema: hosti na kikoa vikiwa sehemu mbili, ugomvi na mmoja haukunyimi kingine.

Inamfaa anayelenga wateja wa nje, anayejua kutumia WordPress (mfumo wa kuendeshea tovuti) mwenyewe, mwenye kadi na fedha za kulipa awamu ndefu.

Kuhusu kikoa na barua, kabla hujasaini popote

Kuhama hosti hakukulazimishi kuhamisha kikoa. Unabadilisha tu seva za majina kwenye usajili, kikoa kinabaki palepale. Kampuni mpya ikikushawishi uhamishe vyote pamoja ili upate ofa, kataa kwanza, maana vikoa vya .com vina kipindi cha siku 60 baada ya kusajiliwa au kuhamishwa ambacho huwezi kuvihamisha tena, na wewe hutaki kufungwa mahali ambapo hujapajua.

Barua pepe ushauri wangu ni mmoja, na najua una gharama: zitenganishe na hosti. Ziweke kwa anayefanya kazi ya barua pekee, iwe Zoho, Google Workspace au Microsoft 365. Ukishafanya hivyo, swali la kuhama hosti linapungua uzito kwa zaidi ya nusu, kwa sababu mwakani unaweza kuhama tena na hakuna mfanyakazi atakayejua. Kwa ofisi ya watu wawili wanaotumia WhatsApp kwa kila kitu, sitawalazimisha. Kwa kiwanda cha mafuta ya alizeti kinachopokea oda kwa barua pepe, ningeanza na hilo kabla ya kufikiria bei ya hosti.

Ukiamua kuhama, chagua wakati tulivu. Lodge isihame kati ya Aprili na Juni Bunge la Bajeti likiwa mjini. Shule isihame Januari. Anayeuza mashine za kilimo apishe wiki za Nanenane pale Nzuguni. Siku moja kabla, punguza TTL (muda wa kukumbukwa) ya rekodi zako za DNS, zinazoelekeza kikoa kwenye seva, hadi sekunde 300 ili mabadiliko yaenee haraka. Pandisha tovuti kwenye seva mpya, ijaribu, weka cheti cha SSL (kinacholinda mawasiliano ya tovuti), ndipo ubadilishe uelekeo. Shusha barua zote za zamani kabla ya kugusa rekodi ya MX, inayoelekeza barua pepe zako, kwa maana barua zilizoko kwenye seva ya zamani hazitakufuata zenyewe. Na akaunti ya zamani iache hai mwezi mzima. Wanaoifunga siku hiyohiyo ili kuokoa pesa ndio wanaopiga simu wiki ya pili wakitafuta barua ya mteja.

Kwa hali yako

Kama tovuti ni ya kurasa chache, barua pepe ni Gmail ya kawaida na unajua nywila zote, una uhuru. Nenda kwenye bei ndogo kuliko zote kwa miaka mitatu, iwe ya ndani au ya nje, maana hata ukikosea kurudi ni kazi ya siku moja.

Kama una wafanyakazi watano au zaidi wenye anwani za kikoa chako, baki mwaka huu kwa kifurushi kidogo zaidi, utumie mwaka huo kutenganisha barua. Mwakani utahama kwa amani.

Kama ni zahanati, SACCOS au shule yenye taarifa za watu, anzia kwenye kampuni za ndani zinazoweza kukuonyesha kwamba seva yao iko nchini. Bei iwe swali la pili.

Kama wateja wako ni wageni kutoka nje, njia ya tatu ina mantiki, ukiweka kengele kwenye simu yako siku 30 kabla ya tarehe ya kuhuisha ili uamue mwenyewe kabla kadi haijakatwa.

Kama sababu ya kutaka kuhama ni tovuti kuwa nzito, punguza picha na upandishe PHP kwanza, kisha uipime kwa simu ya kawaida na bando la kawaida. Ikiwa bado nzito, sasa una sababu.

Na kama kikoa kimesajiliwa kwa jina la fundi aliyehamia Mwanza na simu yake haipatikani, acha mazungumzo ya hosti kabisa. Lipa ankara ya sasa hata kama ni ghali, tafuta msajili wa kikoa ni nani, umuulize anahitaji nyaraka gani ili kiandikwe jina la biashara yako. Tafuta leseni ya biashara, cheti cha BRELA na TIN viwe karibu.